Kadi moja, wageni kumi na watano: uchambuzi wa kisa cha harusi ya viti 350

Kuhusu kisa hiki

Haya yalitokea Dar es Salaam. Mbunifu wa kadi aliyefanya kazi hii, katibu wa kamati ya harusi na mama mzazi wa bwana harusi wameridhia kisa kisimuliwe kwa ajili ya kufundishia, ila majina, tarehe, usharika na ukumbi vimeondolewa. Nimezungumza na wote watatu, na pia na kijana aliyesimama mlangoni usiku ule.

Nakiandika kwa ajili ya vijana wanaoingia kwenye kazi ya kadi kwa mlango wa mapambo: maua ya pembeni, herufi za kujikunja, dhahabu inayometa. Mapambo yana nafasi yake na wateja huyalipia. Lakini kwetu kadi ya harusi ni hati. Inasema nani anaalika, nani amechanga na nani ana kiti. Mbunifu asiyejua majibu ya maswali hayo matatu kabla ya kufungua kompyuta anaweza kutoa kadi nzuri ambayo italeta aibu mlangoni.

Usuli

Familia ya bwana harusi inaishi Dar es Salaam. Upande wa bi harusi uko Kilimanjaro, nao walifanya send-off yao kwa kamati yao na kadi zao, kwa hiyo hizo siziingizi humu. Baba wa bwana harusi alishafariki. Mwenyekiti wa kamati alikuwa baba mkubwa wa bwana harusi, katibu alikuwa mtoto wa huyo baba mkubwa, na mweka hazina alikuwa rafiki wa familia, mhasibu kwa kazi yake.

Ukumbi ulikuwa na meza 35 za watu kumi kumi, yaani viti 350. Kamati ilitenga viti 90: 40 vya upande wa bi harusi, na 50 vya ndugu wa karibu, wapambe na wanakamati wenyewe. Vilivyobaki, 260, vilikuwa vya wachangiaji. Kiwango kilikuwa shilingi 50,000 kwa kadi ya singo, yaani ya mtu mmoja, na 100,000 kwa kadi ya dabo, ya watu wawili.

Kadi ya mchango: jina la nani litangulie?

Katibu alifika kwa mbunifu na kaunta buku yenye majina zaidi ya 400 na maandishi ya kadi aliyoyaandika kwenye simu. Alitaka kadi za mchango 500. Maandishi yalianza kwa jina la baba yake, yaani baba mkubwa, kama mwenye shughuli. Chini yake jina la bwana harusi, halafu yale maneno tuliyoyazoea, kwamba kwa heshima na taadhima unaombwa mchango wako wa hali na mali. Mama mzazi hakutajwa popote.

Katibu hakuwa na nia mbaya. Kwa desturi ya ukoo wao, baba akishafariki kaka yake ndiye anayesimama. Mbunifu angeweza kupanga herufi, kupokea malipo ya awali na kuendelea, na wengi hufanya hivyo kwa sababu maneno ni ya mteja. Yeye aliuliza: mama ameyasoma haya? Hakuwa ameyasoma. Basi akaomba aende naye nyumbani kwa mama na rasimu iliyochapwa kwenye karatasi ya kawaida.

Mama aliisoma mara mbili, akaiweka mezani. Katibu akaanza kueleza, "Mama mdogo, tumefuata tu utaratibu wa ukoo…" Mama akamgeukia mbunifu.

"Mwanangu, huyu kijana nimemlea mwenyewe tangu yuko darasa la tatu. Anza na jina la marehemu baba yake, langu lifuate. Shemeji tutampa nafasi yake, yeye ndiye atakayetoa neno la familia pale ukumbini."

Kadi ikaandikwa "Familia ya marehemu Mzee" fulani "na Bi." fulani. Jina la baba mkubwa likakaa chini, kwenye safu ya kamati, likiwa la kwanza na cheo chake cha mwenyekiti. Mwenyekiti alipoonyeshwa hakupinga hata kidogo. Nimeona kadi zilizochapwa upya zote kwa sababu ya mstari huu mmoja, na nimeona ndugu wasiosemeana miaka kwa sababu hazikuchapwa upya. Ule mwendo wa kwenda nyumbani kwa mama uligharimu nauli ya daladala, na kwangu ndio uamuzi bora kuliko wote katika kisa hiki.

Kwa upande wa uchapaji mbunifu alikuwa mwangalifu na pesa ya watu. Kadi ya mchango haihitaji ufahari, kwa sababu mpokeaji anaombwa pesa, na kadi inayong'aa sana humfanya ajiulize pesa yake inaenda wapi. Alichagua sentimita 9.9 kwa 21, theluthi ya karatasi ya A4. Kwa kipimo hicho kila karatasi hutoa kadi tatu bila mabaki, na kadi huingia kwenye bahasha ndefu za DL zinazopatikana duka lolote la vifaa vya ofisi. Alitumia wino wa rangi moja ya kijani kwenye karatasi ya maziwa, na rangi haikufika ukingoni, kwa hiyo hata mashine ya kukatia ikipotoka kidogo haionekani. Kwa idadi ya 500 na rangi moja alipeleka kazi kwa wachapaji wa ofseti Kariakoo, maana ofseti inadai sahani moja ya kuchapia kwa kila rangi na gharama ya sahani hiyo ikigawanywa kwa 500 inakuwa ndogo.

Chini ya namba za simu za kupokelea mchango aliweka mstari ambao kamati haikuuomba: "Ukituma, tafadhali tuma pia ujumbe wenye jina lako kama ungependa liandikwe kwenye kadi." Anayefanya kazi hii anajua kwa nini. Pesa ikipitia kwa wakala huja na jina la wakala, na ikitoka kwenye simu ya mume huja na jina la mume hata kama aliyechanga ni mke kwa mshahara wake. Mweka hazina aliniambia mstari huo ulimwokolea usiku mwingi wa kupiga simu kuuliza "samahani, hii elfu hamsini ni ya nani?"

Rangi ya sherehe

Rangi zilikuwa kijani cha zumaridi na dhahabu. Kwenye simu ya bi harusi kijani kile kiliwaka. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga, mashine hutengeneza kwa wino wa aina nne juu ya karatasi, na kijani cha namna hiyo ni miongoni mwa rangi zinazofifia zaidi zinapotoka kwenye mwanga kuja kwenye wino. Mbunifu alichapa vipande vitano vya kijani tofauti kwenye karatasi ileile itakayotumika, akavipeleka kwa fundi cherehani wa wapambe, akaviweka juu ya satini nje ya kibanda, juani. Kilichofanana na kitambaa hakikuwa kile kilichopendeza kwenye simu. Bi harusi alichagua kwa macho yake mwenyewe, na mjadala wa rangi ukaisha siku ileile.

Dhahabu ilikuwa rahisi kuamua. Ukiichapa kwa wino wa kawaida inatoka kama haradali iliyokauka. Dhahabu ya kweli ni utando unaobandikwa kwa joto na kibao cha chuma kilichochongwa, na kila kibao kina bei yake. Kamati ilikubali ibandikwe kwenye herufi mbili za mwanzo za majina ya maharusi tu, na kwenye kadi za kuchapwa peke yake.

Kadi ya mwaliko: kugawa karatasi na simu

Wiki tatu kabla ya harusi waliokuwa wamelipa walikuwa 148: dabo 78 na singo 70, jumla viti 226. Vikabaki viti 34 kwa watakaochelewa.

Kamati ilitaka wote wapelekewe kadi ya simu kwa WhatsApp ili kuokoa pesa. Mbunifu aliwaomba waigawe: kadi 60 zichapwe kwa ajili ya wazee, wachungaji, walezi wa bwana harusi na wakuu wa kazi, na 88 ziende kwa simu. Zile 60 zilichapwa kwa mashine ya dijitali kwenye karatasi nene ya gramu 300 kwa mita ya mraba, majina yakaandikwa kwa mkono na dada mwenye mwandiko mzuri, na wajumbe wawili wakazipeleka nyumba kwa nyumba. Kuna wazee ambao usipowapelekea kadi mkononi hujawaalika, hata ukiwapigia simu mara tatu.

Kila kadi, ya karatasi na ya simu, ilikuwa na alama ya QR yake. Mlangoni kijana angeiskani kwa simu, na programu ingeonyesha namba ya kadi, kama ni singo au dabo, na kama imeshatumika. Kwa viti 34 vilivyobaki mbunifu alitengeneza kadi 27 za akiba zisizo na majina, singo 20 na dabo 7, akamkabidhi katibu pamoja na maelekezo ya kujaza jina.

Ukizitazama hesabu hizi zimekaa sawa. Viti 226 na 34 ni 260. Lakini zilijengwa juu ya dhana moja, kwamba kamati itaacha kupokea pesa viti vikijaa.

Wiki ya mwisho

Kadi ya mchango ilitaja tarehe ya mwisho ya kuchangia. Kila mtu anajua tarehe hiyo inavyochukuliwa. Watu walianza kulipa kwa wingi baada ya mshahara kutoka, na siku tatu za mwisho simu ya mweka hazina haikutulia. Walioongezeka walikuwa 41: dabo 19 na singo 22. Hao wanahitaji viti 60.

Kadi za akiba zilikwisha Alhamisi usiku. Dabo saba zilienda, singo 20 zilienda, wakabaki watu 14 waliokwisha kulipa na hawana kadi: dabo 12 na singo 2, viti 26. Ijumaa mwenyekiti alizungumza na ukumbi, wakakubali kuongeza meza tatu kwenye baraza la pembeni, na mpishi akaongezewa sahani. Tatizo la viti likaisha.

Tatizo la kadi halikuisha. Katibu alimpigia mbunifu Ijumaa usiku, akamkosa, maana alikuwa safarini kikazi na simu haikupatikana. Wachangiaji walikuwa wanatuma picha za miamala na kuuliza, "Ndugu katibu, kadi yangu vipi?" Basi akafanya jambo ambalo mtu yeyote aliyebanwa hivyo angeweza kulifanya. Alichukua kadi ya dabo aliyokwisha kumtumia mama mmoja, akaifungua kwenye programu ya picha ya simu, akafunika jina la mama yule kwa kiboksi cha rangi ya maziwa, akaandika jina jipya. Akafanya hivyo mara 14. Kwa macho kadi zilikuwa safi kabisa, hata zile mbili za singo aliandika "singo" kwa herufi zinazofanana. Alama ya QR ilikuwa ileile kwa wote.

Mlangoni

Kadi ilisema saa 12:00 jioni. Wageni walianza kufika kwa wingi saa 1:30 usiku, kama ilivyo kawaida, kwa hiyo watu waliotakiwa kuingia kwa saa mbili waliingia kwa dakika arobaini, na mlango ulikuwa mmoja wenye simu moja ya kuskani.

Wenye kadi ileile, tukimhesabu mama mwenye kadi halali, walikuwa 15. Watatu hawakufika kabisa. Aliyefika kwanza kati ya waliobaki aliingia na mkewe bila shida. Waliofuata, 11, walisimamishwa, na mmoja wao alikuwa huyo mama mwenyewe, aliyefanya kazi ofisi moja na mama wa bwana harusi kwa miaka mingi. Alikuwa amekuja na mumewe.

"Shikamoo mama. Samahani, kadi hii imeshaingia."

"Marahaba mwanangu. Imeingia na nani, wakati mimi ndiyo kwanza nashuka kwenye gari?"

Kijana aliskani tena. Simu ikasema tena imetumika. Hakuwa na kitu kingine cha kumwambia, kwa sababu simu haikuonyesha kitu kingine. Nyuma ya mama foleni ilikuwa imefika barabarani na watu walianza kutazamana. Kusimamishwa mlangoni kwenye harusi uliyoichangia, umevaa, umetoa gari nje, majirani wakikuangalia, ni jambo linalomkaa mtu moyoni.

Aliyeokoa hali alikuwa mweka hazina. Alitoka na kaunta buku yake, akavuta meza ndogo pembeni ya mlango, akawa anatafuta jina, anaangalia ujumbe wa malipo kwenye simu, anaweka tiki na kumshika mgeni mkono hadi kwenye kiti. Ilichukua zaidi ya nusu saa. Tisa kati ya wale 11 waliingia. Wageni wawili waliondoka kabla hajafika, akiwemo yule mama.

Kati ya wenye kadi 60 za karatasi hakuna aliyesimamishwa.

Wiki iliyofuata mama wa bwana harusi na mwenyekiti walienda nyumbani kwa yule mama aliyeondoka. Walibeba kadi ya shukrani ambayo mbunifu aliichapa moja tu, katika kijani kile, na mama wa bwana harusi akaiandika ndani kwa mkono wake. Walipokelewa vizuri na wakala chakula. Mgeni wa pili hakutaka kuzungumzia jambo hilo, nao wakamwacha.

Uchambuzi

Ni rahisi kumtupia katibu lawama, na kwenye kikao cha kuvunja kamati kuna waliofanya hivyo. Mimi naona aliachiwa chombo kisichokamilika. Alipewa kadi za akiba kwa idadi ya viti, wakati wanaolipa hawahesabu viti. Kamati isingeweza kurudisha pesa ya mtu wiki ya harusi. Kwa desturi zetu hilo ni tusi kubwa kuliko kumweka barazani. Hivyo ilikuwa wazi tangu mwanzo kwamba idadi ya viti vinavyohitajika ingepita 260, na mpango ulitakiwa kuwa na jibu la nani anatengeneza kadi ya akiba ya 28, kwa njia gani, na saa ngapi.

Jambo la pili ni muundo wa kadi yenyewe. Jina lilikuwa limekaa peke yake kwenye eneo tupu la rangi moja, mahali ambapo mtu yeyote mwenye simu angeweza kulifuta bila kuacha alama. Jina likipita juu ya mchoro au likigusana na fremu, kulifunika kunaonekana hata kwa jicho la haraka. Hata aliyetaka kufanya hivyo kwa nia njema angekwama, na kukwama kungemlazimisha atafute mtu wa kumsaidia.

La tatu ndilo zito. Alama ya QR ilibeba namba bila jina. Kama simu ya mlangoni ingeonyesha jina la mwenye kadi, mgeni wa kwanza angeonekana papo hapo kwamba jina lake halilingani, na mama yule angeonekana kwamba ndiye. Kijana angekuwa na la kusema: "Mama, jina ni lako, karibu, tutaangalia kilichotokea." Programu ile ilikuwa na nafasi ya kujaza majina. Haikujazwa kwa sababu majina yalikuwa kwenye kaunta buku kwa mwandiko, na hakuna aliyepewa kazi ya kuyaingiza.

Kuhusu mlango, simu moja kwa wageni 350 wanaokuja kwa mkupuo ni kidogo hata kama kadi zote ni halali. Na ile meza ndogo ya mweka hazina ilipaswa kuwepo tangu saa 12. Daftari la michango ndilo rejista ya kweli ya harusi, na QR ni njia ya kulisoma haraka. Siku hiyo daftari lilikuwa ndani, kwenye mkoba, chini ya meza ya kamati.

Kwa yaliyofanya kazi, nimeshasema juu ya jina la mama na vipande vya rangi. Naongeza mgawanyo wa karatasi na simu. Wapo wanaosema kadi ya karatasi imepitwa na wakati, na kwa vijana wenzetu huenda ni kweli. Lakini zile 60 zilifika mikononi mwa watu ambao kusimamishwa kwao kungeleta maneno ya miaka, na zilipita mlangoni bila swali. Bei yake ilikuwa ndogo ukilinganisha na keki.

Programu ya ibada, namba za meza na menyu zilitoka vizuri na sina la kuongeza, isipokuwa kwamba meza tatu za barazani hazikuwa na namba, na wahudumu walizisahau kwenye duru ya kwanza ya chakula.

Alichobadilisha mbunifu

Sasa hapokei kazi ya kadi za mwaliko bila orodha ya majina iliyopigwa chapa, na kuiingiza orodha hiyo ni sehemu ya bei yake. Kadi za akiba anazihesabu kwa majina yaliyoahidi kuchanga na bado hayajalipa. Kwenye harusi hii ahadi za namna hiyo zilikuwa zaidi ya 90, na zilikuwepo kwenye kaunta buku tangu mwanzoni. Akiba inakaa kwa mweka hazina, kwa kuwa yeye ndiye anayeona pesa ikiingia. Wiki ya harusi mbunifu anaacha namba ya mtu wa pili ofisini mwenye faili na uwezo wa kutoa kadi mpya hadi saa 4 usiku.

Na kwenye ankara yake kuna mstari mpya, baada ya kadi, bahasha na programu ya ibada: orodha moja ya wageni kwa mpangilio wa alfabeti, iliyochapwa kwa herufi kubwa za kusomeka kwenye mwanga hafifu, kwa ajili ya meza ya mlangoni. Anaitoa bila malipo.